Mvua Haimwamshi

Machi 3

Mvua imeingia na kazi yangu imesimama. Nyumba yetu ni vyumba viwili, na juu ni bati tupu, hatujaweka dari. Ikinyesha, mtu akikuita mwizi hapo mlangoni humsikii, sembuse simu inayotakiwa kunasa sauti ya tangazo. Nilikuwa nimekaa kitandani na blanketi langu la kurekodia nimelikunja mapajani kama mfiwa. Mume wangu, Baba Kibibi, akarudi amelowa chapachapa, akanikuta hivyo, akacheka. Yeye ni fundi bomba. Mvua kwake ni neema, mitaro yote inaziba. Akanirushia daftari la mistari.

"Mkurugenzi, andika basi. Karatasi haina kelele."

Basi naandika. Kazi yangu ni matangazo ya watu wadogo: mwenye saluni, mwenye duka la rangi, mwenye bucha. Wakubwa wana kampuni zenye kamera za kubebwa na watu wawili. Wadogo wana mimi. Nina simu moja ya picha, nina simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka ambayo ni ya sauti tu, nina shuka jeupe la kurudishia mwanga, na mpini wa ufagio nilioufunga vizuri ukawa stendi. Shule niliishia kidato cha pili, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza cheti. Ofisi ni chumba cha mbele. Maneno ya tangazo nayarekodi chini ya blanketi, jasho linanitoka, natoka humo kama kuku aliyeatamia.

Kibibi, mwanangu, katimiza miaka miwili mwezi uliopita, na ndiye anayeniwezesha kufanya kazi hii nyumbani. Wenzangu wenye watoto wananiuliza, unawezaje? Nawaambia Mungu kanipa mtoto mtulivu. Akilala kalala. Naweza kukaa pembeni yake nikapaza sauti ya sokoni, "Wahi wahi, bei zimeanguka!" na asikunje hata kidole.

Machi 5

Mvua. Nguo hazikauki. Hakuna kazi.

Machi 8

Kumekucha kukavu, nikamkimbilia seremala kabla wingu halijabadili nia. Anatengeneza vitanda, makabati na majeneza, na alitaka vyote viwemo kwenye tangazo moja. Nikamwandikia maneno, akayakariri vizuri, na mwisho akamalizia kama ninavyowafundisha wateja wangu wote: "Karibu tena!"

Akajikuna masharubu.

"Binti, hebu ngoja. Kwenye kitanda, sawa. Lakini kwenye jeneza, nani umewahi kumwona akirudi tena?"

Tulicheka mpaka akajikalia juu ya bidhaa yake mwenyewe. Kosa ni langu. Hilo "karibu tena" nalitia kila mahali kama chumvi. Tumeliondoa, sasa mwishoni anainamisha kichwa tu, na kwa kweli inapendeza zaidi.

Niandike na hili, nisije nikalisahau nikiwa mkubwa wa kampuni. Kila nikianza picha napiga kofi moja mbele ya kamera. Picha iko simu hii, sauti iko simu ile, na kofi ndilo linalozifungisha ndoa: pale viganja vinapokutana na pale "pwaa" linaposikika, naziunga hapo, kisha hicho kipande cha kofi nakikata nakitupa. Na kila mtu akipigiwa kofi hupepesa macho. Seremala, mtu mzima na masharubu yake, kapepesa kama njiwa. Kabla sijazitupa sura hizo namwonyesha Baba Kibibi tunacheka. Tunayaita macho ya kofi.

Mtu akikosea simkatishi kwa sauti, maana wateja wana aibu. Nazungusha kidole hewani kama ninayekoroga chai: tena.

Machi 12

Mama mkwe kahamia kwetu. Nyumba yake inavuja hadi kitandani. "Nimekuja na ndoo zangu mwenyewe," kasema, "mvua ikiisha naondoka, msinizoee."

Ni mwema, lakini ana sauti. Anasema na Kibibi kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. "Mke mwenzangu! Weee, mke mwenzangu! Geuka basi, nina zawadi yako!" Anamzunguka mtoto, anasimama nyuma yake, anamwita upya. Asubuhi nzima sikuweza kurekodi. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, mtoto yuko hapo hapo miguuni kwako, hakuna haja ya kupaza."

Akanitazama. "Haya, mkamwana," akasema, akaingia ndani.

Nadhani nimemuudhi. Lakini bora aelewe mapema kwamba hapa ni kazini.

Machi 15

Kibibi na mlango! Mlango wetu wa mbele ni wa bati, na mvua ya upepo inaupiga. Akiona tu inaanza kunyesha anakwenda kubandika viganja vyote viwili pale, na shavu, anasimama hivyo mpaka iishe. Namtoa, anarudi. Ndiyo maana mafua hayamwishi. Ukaidi kautoa kwa baba yake.

Machi 19

Muuza magodoro alikuja kuzungumza habari ya tangazo lake, mvua ikamfungia humu ndani. Ni mtu mnene mcheshi, anajiita Bwana Usingizi na watu wote wanamwita hivyo. Tulikuwa tunapigiana kelele ili tusikizane. Mara radi ikapiga karibu kabisa, sahani zikalia kabatini. Mimi niliruka. Mama mkwe aliruka akamtaja Mungu. Bwana Usingizi alijimwagia chai kwenye suruali.

Kibibi alikuwa kalala kwenye mkeka. Akaendelea kulala.

"Huyu mtoto kalala au kazimia?"

"Ndivyo alivyo," nikasema. Nilijivuna kidogo.

Bwana Usingizi akasimama na suruali yake yenye chai. "Binti, ndilo hili! Mtoto kalala juu ya godoro langu, dunia nzima inampigia kelele, yeye hata habari! Godoro la Bwana Usingizi: utapigiwa ngoma na hutaamka!"

Wazo zuri unalijua papo hapo. Halitaki taa, halitaki mwigizaji, halitaki chochote ambacho sina.

Mama mkwe alisubiri mgeni aondoke. Kisha akasema, "Sufuria nitapiga mimi."

Machi 23

Tumepiga picha. Bwana Usingizi kaleta godoro jipya likiwa bado na nailoni. Tulimsubiri Kibibi alale mwenyewe baada ya chakula cha mchana, tukamweka juu yake. Nikapiga kofi. Baba Kibibi akagonga spana kwenye bomba la chuma, Bwana Usingizi akapuliza filimbi ya refa, na Mama akapiga sufuria kwa mwiko.

Aliyenishangaza ni Mama. Sikujua ana moyo wa kuigiza. Wenzake walipiga kwa kucheka, yeye alipiga kwa bidii, na kila nilipozungusha kidole alisogea karibu zaidi. Mwisho alikuwa kapiga magoti kabisa karibu na kichwa cha mtoto. Ilibidi nimshike mkono. "Mama, inatosha, tumepata."

"Mmepata," akasema. Akaenda kuosha sufuria ambalo halikuwa chafu.

Machi 24

Nimeunga video yote leo, mvua ikinyesha, nimevaa hedifoni. Ni tangazo langu bora kuliko yote.

Machi 31

Limesambaa! Baba Kibibi kaenda kuzibua sinki nyumbani kwa watu asiowajua, wakamwonyesha tangazo la mtoto wake mwenyewe. "Nikawaambia huyo ni damu yangu," kasema, "wakaniongezea soda." Mwenye mapazia ameniita, na mwenye duka la viatu. Tumekaa tukalitazama bati. Tukipata kazi kama hizi mfululizo, kabla ya mvua za mwakani tutaweka dari, na mimi nitarekodi hata gharika ije.

Kibibi kalala kifuani kwangu naandika. Mlezi wa nyumba hii ni yeye.

Aprili 4

Bwana Usingizi anataka sehemu ya pili, kubwa zaidi. Anataka jenereta liwashwe kando ya kitanda, na pikipiki ipigwe resi dirishani. Nimemwambia mvua ikipungua.

Chini ya tangazo watu wanaandika vichekesho, nami huwa navisoma vyote. Leo kuna mmoja asiye na jina, kaweka picha ya ua. Kaandika: "Mama wa huyu mtoto, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nililala hivyo, na watu walicheka hivyo. Mpeleke akapimwe masikio."

Nikamsomea Baba Kibibi. "Wivu huo," akasema. "Kwenye simu kila mtu daktari."

Aprili 6

Anasikia. Jana nilipoingia ndani aligeuka. Leo nilipofungua kopo la biskuti alikuja mbio.

Lakini alikuwa ananitazama nilipolifungua? Sikumbuki.

Aprili 7

Anasikia.

Aprili 9

Mvua kutwa. Nimemwita akiwa amenipa mgongo. Alikuwa anacheza na vifuniko vya chupa; mtoto akicheza hamsikii mtu, hata mimi mama yangu alikuwa akinilalamikia hivyo. Sikumwita mara ya pili.

Aprili 11

Nitaandika yote, nisije kesho nikajidanganya.

Mchana mvua ilikatika, Kibibi akatoka na bibi yake barazani, nami nikakaa kuunga tangazo la mwenye mapazia. Tulilipiga humu ndani wiki iliyopita. Mwenye mapazia kasimama na kitambaa chake cha maua, na Kibibi kaingia kwenye picha bila kualikwa, kasimama mbele kidogo, yuko macho, anatazama pindo la pazia. Nikatafuta kofi langu ili nioanishe sauti. Mkono wangu unaingia pembeni, viganja vinakutana. Mwenye mapazia anapepesa.

Kibibi hapepesi.

Nikarudisha. Nikapeleka polepole sana. Kope za mwenye mapazia zinashuka na mabega yanapanda. Za mwanangu hazijashuka. Kofi limepigwa umbali wa mkono mmoja tu kutoka sikioni kwake, na yeye anatazama pindo la pazia kama mtu anayetazama kitu kizuri mahali pasipo na mtu mwingine.

Nikasema ni bahati tu. Nikafungua tangazo la saluni. Alikuwemo, kakaa sakafuni anachana mwanasesere. Kofi. Msusi kapepesa, mteja kapepesa, kichanga kilichobebwa mgongoni na mteja, usingizini, kimejikunja. Kibibi anachana mwanasesere. Nikafungua la duka la rangi. Nikafungua la bucha. Zile ambazo nilikuwa sijazifuta nilizitazama zote.

Mwezi baada ya mwezi nampigia mwanangu kofi, na kila mara amenijibu. Na kila mara jibu lake nimelikata nikalitupa, kwa kuwa kofi halikai kwenye tangazo.

Mwisho nikafungua la godoro, lile refu kabla sijalikata. Nilikuwa nimelitazama mara nyingi, lakini macho yangu yalikuwa kwa mtoto, asije akaamka. Leo nilimtazama Mama. Baba Kibibi anacheka, Bwana Usingizi mashavu yamemjaa filimbi. Mama hacheki. Anapiga, anamwangalia mtoto usoni. Anasogea, anapiga. Midomo yake inacheza. Si kuigiza kule.

Nikatoka barazani. Walikuwa wamekaa wanatazama maji yakitiririka mtaroni, migongo yao kwangu, mkubwa na mdogo. Ningeweza kupiga kofi pale pale. Mikono nilishaiinua.

Sikupiga. Mama aligeuka, akaniona nimeinua mikono, na akajua.

Aprili 12

Nimemkuta Mama anachambua mchele.

"Mama, ulijua."

Akaendelea kuchambua. "Nilishuku, mkamwana. Kushuku si kujua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mama mkwe kaingia leo na ndoo zake, kesho aseme mjukuu ana kasoro? Ungesema nimekuja na mkosi ndani ya ndoo. Na kupaza sauti ulinikataza."

Akaupepeta mchele mara moja.

"Siku ile ya sufuria," akasema, "mlikuwa wote mnaomba asiamke. Mimi nilikuwa naomba aamke. Nilisema, Mungu wangu, lichukue tangazo lao, livuruge, mtoto alie. Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitazama, akakitupa. "Hakulia."

Nikakaa chini nikachambua naye. Nilikuwa nimemwona mtu wa kelele. Kumbe humu ndani yeye pekee ndiye alikuwa anauliza swali, na mimi nikamwambia apunguze sauti.

Aprili 13

Nimemwambia Baba Kibibi. Amesema watoto huchelewa, hata yeye alichelewa kusema.

"Ulichelewa kusema," mama yake akamwambia. "Hukuchelewa kugeuka ukiitwa kula."

Akatoka nje. Alilifungua bomba la uani ambalo halikuwa na tatizo, akalifunga, akalifungua. Baadaye akaja akasema, "Twende hospitali wote. Nisikae nje. Nataka kusikia kwa masikio yangu." Akalisikia lile neno alilolisema, akafunika uso.

Aprili 14

Kibibi ana mafua. Mvua.

Aprili 22

Hospitali. Daktari wa masikio ni mwanamke mpole, hana haraka. Alimvalisha Kibibi hedifoni kubwa, na sisi tulidhani atazikataa. Wapi! Kakaa wima kama mfanyakazi wa zamu, mikono mapajani, kwa sababu kila siku ananiona mimi nimezivaa. Daktari kacheka. "Huyu kashawahi kufanya kazi hii?" Kisha kaanza kupima, na kicheko kikamwisha taratibu.

Tulihamishwa vyumba, mashine hii na ile. Kibibi alichoka akalala, na wakampima vingine akiwa usingizini. Mvua ilikuwa inapiga madirisha.

Daktari alituketisha. Alisema sauti za watu hazimfikii. Kishindo kikubwa huenda anakihisi mwilini, lakini maneno, hapana. Nikamuuliza ni kitu gani nilifanya. Akasema mara nyingi chanzo hakijulikani, na kwamba swali hilo kila mama analileta pale na hakuna anayerudi nalo nyumbani likiwa na jibu. Kuna vifaa vya masikioni, vitajaribiwa, huenda vikasaidia kidogo, lakini hawezi kutuahidi. "Lakini lugha isisubiri kifaa," akasema. "Mtoto ana miaka miwili bila lugha. Anzeni ya mikono sasa. Nyote wa nyumbani, si mama peke yake."

Kwenye chumba cha pili kulikuwa na mwalimu wa lugha ya ishara. Aliniuliza, "Nyumbani ana ishara zake mwenyewe? Watoto hubuni."

Nikasema hana. Nikasema ni mtulivu tu, haombi kitu.

Njiani Baba Kibibi alimbeba mtoto, na Mama alitushikia mwavuli wote watatu, yeye akalowa.

Aprili 25

Nilikwenda dukani kwa Bwana Usingizi. Alinipokea kwa mikono miwili. "Mama Kibibi! Jenereta nimeshapata!"

Nikamwambia. Nilijiandaa kulia lakini nilisema kikavu tu, kama anayesoma bei.

Akakaa juu ya magodoro yake. Mwisho akasema, "Na mimi nilipuliza filimbi."

Nikamwomba alifute. Akatoa simu akalifuta mbele yangu, pamoja na vichekesho vyote. Lakini alinyoosha mikono: "Kwangu limetoka, mama. Ila lilishatoka mlangoni. Watu wanalo kwenye simu zao, nitawafuata mmoja mmoja?"

Najua. Tangazo likienda limeenda. Mahali fulani sasa hivi kuna mtu analicheka, na si mbaya, hajui. Nami nilikuwa sijui.

Sehemu ya pili haipo. Ya dari nayo tumeisahau. Bwana Usingizi alinisindikiza hadi barabarani, akasema, "Ukiwa na wazo jingine, lolote, niletee. Hata lisilo na kelele."

Mei 1

Tumejifunza "maziwa", "mama", "lala". Mama mkwe mikono yake ni mizito. "Lala" yake inafanana na mtu anayeumwa jino. Mwalimu hakumcheka. Kibibi anatutazama sote kama tumerukwa na akili.

Mei 4

Hajarudisha ishara hata moja.

Mei 6

Mvua ndogo. Hajarudisha. Mwalimu anasema subira. Nimefika mahali nalichukia neno hilo.

Mei 11

Leo nilikuwa natafuta picha za tangazo jipya la Bwana Usingizi. Wazo nimepata: tangazo lisilo na sauti kabisa, mtu anajinyoosha, shuka linatua, maandishi machache. Watu wengi hutazama simu zao sauti ikiwa imezimwa, mimi mwenyewe nikiwemo. Sijui kwa nini nilikuwa nahangaika na bati miaka yote hii.

Nilifungua mabaki yote tangu Machi, vipande vya mwanzo na vya mwisho ambavyo huwa sivitazami, simu inaporekodi na mimi nimesahau kuizima. Na Kibibi yumo pembeni.

Kwenye kipande kimoja bibi yake anamrusha juu anamdaka. Anachoka, anamweka chini. Kibibi anainua mkono, anazungusha kidole hewani.

Nikadhani nimeona vibaya. Nikafungua kingine. Kikombe cha maziwa kimeisha. Anakipindua, anamtazama baba yake, anazungusha kidole. Baba yake anamfuta mdomo, anaondoka. Kingine: nimemaliza kumsuka nywele, ananigeukia, anazungusha. Mimi niko kwenye picha, nipo hapo hapo, nimeshika kitana, namtazama, naangalia pembeni.

Tena. Anasema tena. Kwenye mabaki ya Machi anasema tena, kwenye ya Aprili anasema tena, kwa bibi, kwa baba, kwangu mimi, na sote tunafuta midomo na kuondoka.

Nilimwambia mwalimu hana ishara. Nilisema haombi kitu.

Nikamwita Mama aje aone. Alitazama amesimama, kisha akatazama ameketi. Akachukua ncha ya kanga akajifuta. "Mke mwenzangu," akaiambia simu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, "kumbe ulikuwa unatujibu."

Mei 12

Bibi kamrusha juu mpaka mgongo umekataa. Kidole kimezunguka asubuhi nzima. Mwalimu tumempelekea video, kaandika: "Hilo ni neno. La kwanza ni lenu wenyewe, mmempa nyinyi. Mengine yatapitia hapo."

Baba Kibibi kajaza kikombe, kikanywewa, kidole, kajaza, kidole. "Mkurugenzi mpya huyu," kasema. "Wewe sasa umefukuzwa kazi." Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Mei 15

Karudisha "maziwa".

Mei 19

Mama amefunga ndoo zake. Anasema msimu umekwisha, bati lake limeshazibwa, anaondoka kesho. Baba Kibibi kamwambia mvua bado ipo mawinguni, asubiri. Mama kasema, "Mawingu yepi?" na mbingu ilikuwa nyeupe tupu. Lakini ndoo kazifungua.

Kisha mchana, kama vile mtu kaitwa, mvua ikaja. Ya mwisho, nadhani, kubwa, ya upepo. Nilikuwa nakunja blanketi la kurekodia nilipeleke kitandani, maana tangazo la Bwana Usingizi limekwisha na halikulihitaji. Kibibi akakimbilia mlangoni. Viganja viwili, na shavu.

Safari hii sikumtoa. Nilipiga magoti kando yake, nikabandika shavu langu kwenye bati, nikafumba macho na kuziba masikio kwa vidole.

Inafika. Haikuja masikioni. Ilinijia shavuni na menoni, matone elfu yanatembea ndani ya bati, mengine mazito, mengine mepesi, yanakimbia, yanasita. Miezi yote hii nasema mvua inanikosesha kazi, na mwanangu alikuwa amesimama hapa anaisikiliza.

Tulikaa hivyo mpaka ikapungua, ikawa tone, tone, ikakoma. Mama alikuwa nyuma yetu.

Kibibi akasubiri. Akabandika shavu vizuri zaidi. Kisha akageuka akanitazama mimi, si mlango wala mbingu, akainua mkono, na akazungusha kidole.

Nikaweka vidole vyangu kumi kwenye bati, karibu na shavu lake, nikaanza kumnyeshea.